Seydou Keïta hakugunduliwa: dhana potofu kuhusu mpiga picha wa Bamako

Wapenda picha wa Afrika wakianza kuhesabu mabingwa, jina la Seydou Keïta wa Mali halichelewi kutajwa. Anastahili. Ila habari zake zinasambaa zikiwa zimepindishwa, na kila zinapopindishwa kinachopotea ni kilekile: kwamba yule mzee alijua anachofanya tangu siku alipofungua mlango wa studio yake.

"Aligunduliwa na Wazungu mwaka 1991"

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilitundikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika huko New York. Hazikuwa na jina. Ziliandikwa tu kwamba ni za mpiga picha asiyejulikana wa Bamako. Mfaransa André Magnin alizipenda, akafunga safari hadi Bamako kumtafuta mwenye picha. Hakuhangaika sana, kwa sababu mjini wapiga picha wenzake walimjua vizuri. Mwaka 1994 Keïta akapata maonyesho yake peke yake katika Fondation Cartier, jumba la maonyesho ya sanaa ya kisasa mjini Paris.

Asiyejulikana kwa nani? Studio yake ilifunguliwa mwaka 1948 mtaa wa Bamako-Coura, jirani na stesheni ya reli ya Dakar–Niger. Wasafiri walishuka kwenye treni wakaenda kwake. Makarani, wafanyabiashara, askari, mabibi harusi, kina mama waliobeba watoto, wote walipita pale. Nyuma ya picha aligonga muhuri wenye jina lake, na watu walizituma kwa ndugu zao wa mbali huku muhuri ukionekana. Kilichotokea New York ni kwamba watu wa nje walichelewa kumjua, basi.

"Alikuwa fundi picha wa mtaani, sanaa waliiona wengine baadaye"

Wanaosema hivi huwa na nia njema, wanataka kumsifu kwa unyenyekevu wake. Lakini tazameni picha zenyewe.

Kuna ile ya kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani yenye fremu nzito, ameshika ua moja la plastiki. Ua limesogezwa mbele ya kifua na vidole vimelishika kwa uangalifu, kalamu iko mfukoni, tai imekaa sawa. Ukiitazama polepole unaona jinsi weupe wa suti ulivyoachwa utawale picha nzima, na uso na mikono vikapata uzito wao. Hilo halitokei kwa bahati.

Au chukua ile ya mwanamke aliyejilaza kwa kuegemea mkono. Gauni lake lina maua, shuka chini yake ni la mirabaraba, na kitambaa cha nyuma kina nakshi za kujizungusha. Nakshi tatu zimekutana mahali pamoja. Kwa mpiga picha mwingine ingekuwa vurugu tupu. Hapa macho yako yanakwenda moja kwa moja usoni.

Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Baadaye alikuwa akibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu, na miaka mingi baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha fulani ilipigwa lini. Alipiga nje, uani, kwa mwanga wa jua. Kichwa cha mteja alikigeuza kidogo, akamweka upande, kwa sababu aliona mtu hupendeza zaidi hivyo kuliko akikabiliwa uso kwa uso na kamera. Aliweka saa, kalamu, redio, pikipiki ya Vespa, hata gari lake aina ya Peugeot, mteja achague kinachomfaa. Mteja alileta hamu yake ya kuonekana vizuri, naye Keïta akaipa umbo. Mimi sijui ufafanuzi wa sanaa ya picha unaoweza kuiacha nje kazi ya namna hiyo. Kulipwa na mteja hakuondoi kitu. Wachoraji wakubwa wa Ulaya nao walilipwa ili wachore sura za watu.

"Alipiga picha nyingi, zikatoka nzuri chache"

Kinyume chake. Filamu za karatasi moja moja zilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza: kitambaa, mkono, kidevu, mwanga. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Kodak Brownie aliyoletewa na mjomba wake kutoka Senegal mwaka 1935, wakati akiwa bado kijana anayejifunza useremala. Ufundi wa kusafisha picha aliupata kwa watu, hasa kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa mpiga picha kabla yake.

"Zile picha kubwa za ukutani ndizo zilivyokuwa"

Hapa hata wajuzi hujikwaa. Picha alizowakabidhi wateja zilikuwa ndogo, nyingi za sentimita 13 kwa 18, ukubwa uleule wa negativu (filamu iliyonasa picha ndani ya kamera), kwa sababu alizitoa kwa kubandika negativu juu ya karatasi bila kuikuza. Ilikuwa picha ya kushikwa mkononi, ya kuwekwa kwenye bahasha au fremu ya sebuleni. Baadhi zilipakwa rangi kwa mkono. Yale mapicha ya ukubwa wa mlango yenye weusi mkali yalichapishwa Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1990. Mwenyewe alifurahi sana kuyaona, na hilo tusilifiche. Hata hivyo, ukisimama mbele ya picha kubwa namna hiyo, jua kwamba unaangalia tafsiri ya pili. Baada ya kifo chake mwaka 2001 umiliki wa negativu na uhalali wa picha zilizochapishwa ukawa mgogoro mrefu, na maelfu ya negativu hizo ndiyo kazi aliyoitunza tangu ujana.

"Aliishiwa, ndiyo maana akafunga studio"

Si kweli. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na muda mfupi baadaye serikali ikamchukua kuwa mpiga picha wake rasmi. Alistaafu mwaka 1977. Baada ya hapo alipenda zaidi kushughulika na injini.

"Alikuwa peke yake"

Bamako peke yake ilikuwa na Dembélé, kisha Malick Sidibé aliyewafuata vijana hadi kwenye dansi zao za usiku. Dakar alikuwepo Mama Casset (ni jina la mwanamume). Accra alikuwepo James Barnor na studio yake ya Ever Young. Na kwetu Zanzibar, Ranchhod Oza alikuwa amefungua Capital Art Studio tangu mwaka 1930, miaka kumi na minane kabla Keïta hajatundika shuka lake uani.