Je, wajua? SymPy haina kutoa wala kugawanya

Mwanafunzi mmoja wa Himbi, hapa Goma, aliandika x - y ndani ya SymPy, maktaba ya lugha ya programu Python kwa hesabu za herufi, kisha kwa amri ya srepr akaiuliza imehifadhi nini. Hakuona kutoa popote. Aliona Add, yaani jumla, yenye vitu viwili: x, na Mul, yaani zao la -1 na y. Akajaribu x/y. Nayo ikawa zao: x mara y yenye kipeo -1. Akaja kuniuliza kama kompyuta yake imeingia virusi.

Haina virusi. Mtazame mama anayeuza makala ya kupikia soko la Virunga. Hana daftari la mapato na lingine la madeni. Analo moja, na deni analiandika humo humo kwa alama yake. Akijumlisha, aanzie juu, chini au katikati, jibu ni lile lile. Kutoa hakukubali hivyo: 7 - 3 si sawa na 3 - 7.

SymPy inaishi kwa uhuru huo. Ukiandika x + y + x, Add haivipokei vitu na kuvifungia tu. Inazivunja jumla zilizo ndani ya jumla ziwe safu moja, inakusanya vinavyofanana (mteja aliyekopa mara mbili anaandikwa mara moja), inavipanga, ndipo inakupa 2*x + y. Ndiyo maana x - x inakuwa 0 hata hujaomba chochote. Kungekuwa na aina ya pekee ya kutoa, kila kanuni ya kurahisisha au ya kutafuta derivati ingebidi iandikwe tena kwa ajili yake.

Basi kila usemi ni mti. Kila tawi lina aina yake, func, na orodha ya vilivyomo, args; mwishoni kuna majani, herufi na namba, ambayo args zake ni tupu. Mti huo haubadilishwi: ukiweka 5 mahali pa x, unapata mwingine, na wa kwanza unabaki ulivyo.

Usitegemee ikufanyie kila kitu, lakini. (x + 1)**2 haijifungui yenyewe, na ukiilinganisha na x**2 + 2*x + 1 kwa ==, utaambiwa False, kwa kuwa alama hiyo inatazama umbo la mti, si thamani. Omba expand kwanza.

Na 1/2*x? Python inagawanya kabla SymPy haijaona kitu, unabaki na 0.5*x. Andika x/2.