Uwezo wa mzigo: kilo zinazobaki baada ya gari kujibeba lenyewe

Uwezo wa mzigo ni tofauti ya namba mbili: uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameruhusu gari liwe nao barabarani, na uzito wa gari hilo likiwa tupu. Gari la 4x4 lililoruhusiwa kilo 2,990, ambalo likiwa tupu lina kilo 2,200, lina uwezo wa kilo 790. Humo ndimo wanamoingia dereva na abiria, maji, chakula, na kila chuma kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani. Hivyo vyuma ndivyo vinavyosahauliwa sana Nairobi watu wanapopanga safari ya Ziwa Turkana.

Neno "tupu" lenyewe lina utata. Ulaya, uzito wa gari tayari kwa safari huhesabu dereva wa kilo 75 na tangi lililojaa asilimia 90. Australia kuna kipimo kinachohesabu lita 10 tu za mafuta. Kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi hapa kwetu, karatasi za kule huonyesha uzito wa jumla wa gari la abiria kwa kujumlisha uzito wa gari na kilo 55 kwa kila kiti, hakuna zaidi. Prado ya viti 7 hupewa kilo 385 juu ya uzito wake. Hiyo ni hesabu ya viti. Haikwambii springi, breki na ekseli (mihimili inayoshika magurudumu) zinaweza kubeba nini. Tafuta kiwango cha mtengenezaji cha modeli yako hasa, yenye injini na springi hizo hizo.

Kisha pima. Eneo la Viwandani kuna mizani za kulipia zinazopima malori ya vyuma chakavu na nafaka. Nenda na tangi limejaa, watu wote wateremke, upime gari zima, halafu ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma. Mizani za malori husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo usipange safari yako hadi kilo ya mwisho.

Tuchukue zile kilo 790. Bampa ya chuma na winchi, mashine ya kujivuta ukikwama: 80. Keria ya juu: 35. Hema la juu ya gari: 60. Betri ya pili: 25. Spea tairi ya pili na rimu yake: 35. Friji na droo zake: 40. Zimekwenda 275, na hakuna aliyeingia garini. Watu wanne wa kilo 75 ni 300, zimebaki 215. Maji lita 60 ni kilo 60. Jerikani mbili za chuma za lita 20 zikijaa dizeli ni kama kilo 43, kwa kuwa lita moja ya dizeli ina takriban kilo 0.84 na jerikani tupu ina kilo 4 na nusu hivi. Zimebaki 112. Mabegi manne ya kilo 15, jeki na vifaa vya fundi kilo 30, chakula na vyombo na mtungi wa gesi kilo 40: umepitiliza kwa kilo 18, na viti vya kukalia kambini bado viko sebuleni.

Mbona hizo jerikani? Maralal ndiko kwenye vituo vya mafuta vya kutegemewa kabla ya kushika njia ya Baragoi, South Horr na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, takriban kilomita 230. Kwenda na kurudi ni 460. Ongeza robo kwa mizunguko na kupotea, inakuwa 575. Mtu anayepata kilomita 8 kwa lita kwenye lami atasema lita 72 zinamtosha, na tangi lake ni la lita 87. Lakini kwenye mawe na mchanga, kwa gia nzito, gari lile lile laweza kushuka hadi kilomita 5 na nusu kwa lita. Hapo safari inataka lita 105, na akiba ya 15 inafanya 120. Tangi la lita 87 hukupa kama 80 za kutumia bila kunyonya uchafu wa chini. Pengo ni lita 40. Panga kwa kiwango kibaya ulichopima mwenyewe.

Kupima ni kujaza hadi bomba la pampu lijikate mara ya kwanza, kuendesha, kisha kujaza vivyo hivyo na kugawa kilomita kwa lita. Kama umebadilisha matairi kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, dashibodi inakupunja: ikisoma kilomita 100 umekwenda kama 103.

Uzito na ulaji wa mafuta havifuatani kila mahali. Kwenye lami tambarare kutoka Isiolo kwenda Marsabit, kwa mwendo usiobadilika, kilo 100 zaidi ndani ya gari hutazisikia sana. Kinachokula mafuta ni upepo. Ukinzani wa hewa kwa kilomita 110 kwa saa ni karibu mara mbili ya ule wa kilomita 80, na hema juu ya keria huongeza zaidi. Uzito hudai chake kwenye milima, mchanga na barabara ya mabati, yaani ya vumbi yenye mikunjo kama bati.

Huko ndiko pia vitu huvunjika. Shoku hupata moto, mafuta yake hutoa povu na gari huanza kurukaruka. Pikapu iliyolemewa nyuma hupasuka chesisi nyuma ya kabini. Mafundi wengi watakushauri uongeze jani la springi. Gari litainuka, ndiyo, ila breki, ekseli na chesisi zimebaki zile zile, na uwezo ulioruhusiwa haujaongezeka hata kilo moja.

Mahali pa mzigo nako kuna hesabu yake. Land Cruiser 76 ina milimita 2,730 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukitundika kilo 100 mlangoni nyuma, mita moja kupita ekseli, ekseli ya nyuma hubeba kilo 137, na ya mbele hupunguziwa 37, ndipo usukani unapokuwa mwepesi kupita kiasi. Kwa hiyo maji yakae sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele. Jerikani za nyuma zimimine kwenye tangi mapema: kutoka Maralal hadi Baragoi tangi litakuwa limepungua lita kama 20, na jerikani ya kwanza inaingia yote.