Miaka ya Tommy Flanagan nyuma ya Ella

Wanafunzi wangu wa piano wakisikia kwamba Tommy Flanagan, mpiga piano wa jazi, alimpigia Ella Fitzgerald kwa zaidi ya miaka kumi, huuliza kwa nini fundi kama yule alikubali kukaa nyuma ya mwimbaji. Kwangu mimi, miaka ile ndiyo iliyomkomaza.

Alizaliwa Detroit mwaka 1930, akakulia kwenye bibopu, mtindo wa jazi wenye kasi na ubunifu mwingi, pamoja na mpiga piano wa rika lake, Barry Harris. Mwaka 1956 alihamia New York, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amesharekodi na mpiga tarumbeta Miles Davis na mpiga saksofoni Sonny Rollins. Mei 1959 mpiga saksofoni John Coltrane akamwita studio kurekodi "Giant Steps", wimbo ambao kordi zake nyingi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hudumu mapigo mawili tu, tena kwa kasi inayokaribia mapigo 300 kwa dakika. Zamu ya Flanagan ya kubuni ilipofika, alianza na vipande vifupi vifupi, akakatika, akaishia kubonyeza kordi. Amesemwa sana kwa hilo, na naona anaonewa: Coltrane alikuwa amezifanyia mazoezi kordi zile muda mrefu. Mwaka 1982 Flanagan aliurekodi tena wimbo huo na George Mraz kwenye besi na Al Foster kwenye dramu. Humo anatiririka.

Kati ya rekodi hizo mbili kuna Ella: 1963 hadi 1965, kisha 1968 hadi 1978.

Kumpigia mwimbaji kuna sheria zake. Utangulizi wa vipimo vinne, yaani mafungu manne ya mapigo, unatosha kumpa ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) na kasi, naye aingie bila wasiwasi. Noti za chini kabisa mwachie mpiga besi. Usiifuate sauti yake noti kwa noti, maana akitaka kulichelewesha neno utakuwa umemfunga. Jibu pale anapovuta pumzi, kwa noti mbili tatu, halafu ondoka. Hilo la kuondoka ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa aliyelelewa na bibopu, ambako mkono wa kulia huzoea kukimbia bila kupumzika.

Kwa Ella kazi ilizidi, kwa sababu akiacha maneno na kuimba silabi tupu, alibuni papo hapo kama mpiga saksofoni. Sikiliza onyesho lao la Montreux, Uswisi, la 1977, wakiwa na Keter Betts kwenye besi na Bobby Durham kwenye dramu. Kordi za Flanagan ni fupi na nyepesi, zinamsukuma Ella bila kumwelekeza pa kwenda.

Mwaka 1978 Flanagan alipata mshtuko wa moyo, akaiacha kazi hiyo na kurudi kwenye kundi lake la watu watatu, aliloliongoza karibu mpaka kifo chake Novemba 2001. Rekodi za kipindi hicho ndizo ninazozipenda kuliko zote. Katika nyimbo za taratibu kila msemo wake una mahali pa kupumua, hata pasipo na mwimbaji, na mpiga besi anapata nafasi ya kusema lake.