Kolesteroli ikishuka kwa anayesafishwa damu, uliza kwanza anakula nini

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunachukua damu za wagonjwa wa zamu ya asubuhi kabla hawajaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, inayofanya kazi ya figo zilizoshindwa. Jumatano majibu yanakuwa yametoka, nami kama mtaalamu wa lishe wa kitengo nazunguka kitanda hadi kitanda na kalamu, daftari na utepe wa kupimia mkono.

Mzee mmoja anayetoka upande wa Tukuyu alinipungia karatasi yake kabla sijamfikia. "Mwanangu, njoo uone. Mafuta yameshuka!" Alipoanza mashine, kolesteroli yake ilikuwa milimoli 5.6 kwa lita. Sasa ilisomeka 3.2. Mkewe aliyekaa kando alikuwa anatabasamu, na alikuwa na haki, kwa sababu kazi ilikuwa yake. Akanihesabia: mayai ameondoa, nyama ameondoa, mboga anachemsha bila mafuta, parachichi mzee haligusi ingawa miti iko uani.

Niliwashukuru kwa kufuata walichoambiwa. Kuwapongeza sikuweza. Mstari wa albumini, protini kuu ya damu, kwenye karatasi hiyohiyo, ulikuwa unasema gramu 29 kwa lita, wakati sisi tunapenda kuuona ukikaribia 40.

Nikambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, shimo likabaki, dalili ya maji yaliyojaa. Nikazungusha utepe kwenye mkono usio na fistula (mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za mashine): ulikuwa umepungua sentimita mbili tangu kipimo cha mwisho nilichoandika. Lakini mizani ilikuwa inasoma kilo 58 baada ya mashine, vilevile kama miezi sita nyuma. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Nyama ya mwili inapoondoka na ule uzito mkavu tuliomwandikia (uzito anaotakiwa kubaki nao mashine ikishatoa maji ya ziada) usibadilishwe, maji yanachukua nafasi yake. Namba haisogei, mtu anakwisha.

Nieleze kwa nini kolesteroli ya chini ilinitia wasiwasi. Kwa mtu mwenye figo nzima, hadithi tunaijua: kolesteroli ikipanda, hasa ile mbaya iitwayo LDL, mishipa inaziba taratibu, moyo unapata shida. Hilo ni kweli na sitaki mtu alitupe. Lakini tangu 1990, watafiti wa Marekani Lowrie na Lew walipochambua taarifa za wagonjwa zaidi ya 12,000 wa kusafishwa damu, imekuwa ikionekana jambo linalokwenda kinyume: waliokuwa na kolesteroli ya chini ndio waliokufa zaidi. Na albumini ya chini ilikuwa ishara mbaya zaidi ya zote.

Je, kolesteroli inalinda? Hapana. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili inatengenezwa na ini. Mtu asiyekula vya kutosha, au mwenye mwili unaowaka moto ndani kwa ndani kwa sababu ya maambukizi au jeraha sugu (hali tunayoiita inflamesheni), kolesteroli yake inashuka pamoja na albumini. Kwa hiyo namba ya chini mara nyingi ni moshi, na moto uko mahali pengine. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa 823 walioanza mashine huko Marekani, ukawagawa makundi mawili. Kwa wenye dalili za utapiamlo au inflamesheni, kolesteroli ya juu iliendana na vifo vichache. Kwa wasio na dalili hizo, kolesteroli ya juu ilirudi kuwa hatari kama kwa watu wengine wote. Utafiti huo naupenda kuliko yote katika somo hili, maana unatuzuia kukimbilia upande wowote. Asije mtu akasoma hapa akaanza kunywa supu ya utumbo kila siku ili kolesteroli ipande.

Swali la pili ninaloulizwa sana ni la vidonge vya kushusha kolesteroli, vile vya kundi la statini. Ujerumani walijaribu atorvastatini kwa wagonjwa 1,255 wenye kisukari waliokuwa kwenye mashine, majibu yakatoka 2005. LDL ilishuka kwa asilimia 42, lakini vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla wake havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa wagonjwa 2,776, safari hii kwa rosuvastatini, ukaleta jibu lilelile. Sababu moja ni kwamba moyo wa mgonjwa wa mashine mara nyingi hauuawi na mshipa uliozibwa na mafuta peke yake. Kuna mapigo yanayovurugika ghafla potasiamu, madini ya kwenye chakula, inapopanda, kuna misuli ya moyo iliyonenepa kwa miaka ya presha na maji mengi, kuna mishipa iliyokakamaa kwa chokaa kwa sababu ya fosforasi, madini mengine ya kwenye chakula. Kidonge cha mafuta hakigusi hayo. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa figo wa 2013 ulishauri statini zisianzishwe kwa mtu mzima ambaye tayari yuko kwenye mashine, lakini aliyekuwa anazitumia kabla ya kuanza aendelee nazo. Ukiwa kundi hilo la pili, usiache kidonge kwa sababu umesoma makala yangu. Zungumza na daktari wako.

Turudi kwa mzee. Nilimuuliza nyama aliiacha lini hasa. Mkewe akajibu, "Tangu tulipoambiwa." Mzee akanyamaza, kisha akagusa shavu la kushoto. Jino. Lilikuwa linamsumbua tangu masika, anatafuna upande mmoja, na nyama ilipoondolewa mezani yeye alishukuru kimoyomoyo. Mama alimgeukia akamwambia, "Baba Tusa, miezi yote hiyo?" Daktari wetu alipomfungua kinywa alikuta fizi imevimba na inatoa usaha. Huo ulikuwa moto wenyewe, unawaka usiku na mchana, unakula albumini na kumkata hamu ya chakula.

Na kulikuwa na jambo lingine la kawaida kabisa ambalo hakuna karatasi ya maabara inayolionyesha. Siku za mashine anaondoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi kosta ya kuja mjini. Anakaa kwenye mashine muda wa saa nne, anatoka amechoka, anafika Tukuyu jioni, anakunywa uji na kulala. Siku tatu kila wiki hana mlo wa mchana. Wakati huohuo kila kipindi cha mashine kinaondoka na gramu kadhaa za viini vinavyojenga protini. Mtu kama yeye anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kati ya gramu 58 na 70. Yai moja lina kama gramu sita. Pigeni hesabu ya uji wa jioni.

Makosa mengine ni yetu sisi wahudumu. Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza mashine anaambiwa apunguze protini ili figo zisichoke. Siku anayoanza mashine ushauri huo unageuka, anatakiwa ale protini zaidi. Wengi hawaambiwi kwamba umegeuka. Mama huyu alikuwa anatekeleza kwa uaminifu maagizo yaliyokwisha muda wake.

Kwa hiyo tulikaa tukapanga jikoni. Mayai yarudi, na siku za mashine aje na mawili ya kuchemsha ndani ya mfuko, ayale akishashuka kitandani, kwa sababu kula katikati ya kipindi kumeshamshusha presha mara mbili. Samaki mbasa kutoka Kyela akipatikana, vizuri sana, minofu yake inafaa kwa mwenye jino bovu. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wa kutafunwa na miba yake, nilimwomba aupunguze, una fosforasi nyingi. Mafuta ya alizeti yarudi kwenye mboga, maana mwili usio na nishati ya kutosha unachoma protini kama kuni. Viazi mviringo vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe ili potasiamu ipungue, ndipo viungwe. Ndizi ziwe kidogo, na parachichi kipande tu, siku ambayo hajala viazi. Tatizo la parachichi kwake ni potasiamu, wala si mafuta. Mama alirudia hilo mara mbili ili alishike, kwa sababu lilikuwa kinyume kabisa na alivyoelewa.

Jino liling'olewa siku isiyo ya mashine, ili dawa inayotumika kuzuia damu kuganda mashineni isimletee shida. Daktari akaanza kumshusha uzito mkavu kidogo kidogo, nusu kilo kwa nusu kilo, hadi kilo 56.

Damu ya mwezi huu imetoka. Albumini ni 32, kolesteroli 3.7, na mkono umeongezeka nusu sentimita. Mzee aliponiona alitaka kujua mafuta yamepanda kwa nini, na tulianza kuisoma karatasi upya, tukianzia safari hii mstari wa albumini. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba. Mama aliniambia tangu Pasaka havikuwa vinaingia miguuni.