Kwa Nini Ndege Ndogo Ikiondoka Arusha Mchana Hukimbia Mbali Zaidi Kuliko Asubuhi?

Anayezitazama ndege ndogo zikiondoka Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo, kwanza saa moja asubuhi na tena saa nane mchana wa mwezi Februari, ataona tofauti isiyohitaji utaalamu. Ndege ile ile, yenye abiria wale wale na mafuta kiasi kile kile, asubuhi huinua magurudumu mapema, lakini mchana huendelea kukimbia ardhini kwa mita nyingi zaidi, kisha hupanda taratibu. Tofauti hiyo hubaki hata upepo ukiwa umetulia nyakati zote mbili.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba joto limeichosha injini. Dhana hii inaeleweka, kwa sababu wengi wameona gari lililochemsha maji likiwa limeegeshwa mlimani na boneti wazi. Hata hivyo inafaa ikanushwe kwa ukamilifu, kwa kuwa mwanafunzi wa urubani anayeingia nayo angani huchunga kifaa kisicho na kosa na kuacha kuchunga kile kinachomhatarisha. Injini iliyopata joto kupita kiasi hujionyesha kwenye geji, ama ya oili au ya vichwa vya silinda. Katika ndege inayoondoka Arusha mchana, geji hizo huweza kubaki ndani ya alama ya kijani tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho, injini ikiwa nzima kabisa, na bado ndege ikahitaji umbali mkubwa wa ziada. Zaidi ya hayo, zipo ndege kama Cessna Caravan, zinazopeleka watalii Serengeti, ambazo injini zake za tabo (turbini, si pistoni) zimewekewa ukomo ulio chini ya uwezo wake halisi, hivyo huweza kutoa nguvu yote inayoruhusiwa hata hali ya hewa ikizidi kuwa ngumu kwa kiasi fulani. Nazo pia hukimbia mbali zaidi mchana. Kama kisa chote kingekuwa uchovu wa injini, Caravan isingeathirika.

Haina maana kwamba injini ya pistoni haiwezi kuchemka. Inaweza, hasa inapopanda kwa muda mrefu kwa mwendo mdogo siku ya jua kali, lakini hilo ni tatizo jingine na dawa yake ni nyingine.

Kinachobadilika kati ya asubuhi na mchana ni hewa yenyewe. Usawa wa bahari, katika nyuzi joto 15 na mgandamizo wa kawaida wa hektopaskali 1,013, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa iliyo juu yetu ni kidogo zaidi na kwa hiyo haijashindiliwa sana. Asubuhi ya nyuzi 14, mita ile ile ya ujazo inabeba kilo 1.04 hivi. Ikifika nyuzi 28 mchana, hewa imetanuka na kilo moja haitimii. Ikilinganishwa na ile hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, takriban moja ya tano imekwisha kupotea kabla rubani hajagusa chochote.

Mnunuzi wa sokoni anaweza kuielewa hali hii vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Debe la mahindi na debe la bisi ni debe lile lile, lakini mwenye debe la bisi amebeba chakula kidogo sana nyumbani. Injini ya pistoni hununua hewa kwa debe. Silinda zake zina ujazo usiobadilika, na kila zinapovuta hewa huvuta debe moja lililojaa, iwe asubuhi au mchana, Tanga au Arusha. Lakini kinachochoma petroli ni uzito wa oksijeni iliyomo, na debe halisemi lolote kuhusu uzito. Mchana wa Arusha debe limejaa bisi, na injini isiyo na turbo inabaki na nguvu isiyofika hata nne ya tano ya ile iliyoandikwa kwenye vitabu vyake. Propela nayo hufanya kazi kwa kutupa madebe ya hewa nyuma ili ndege isukumwe mbele, na bawa hutupa madebe ya hewa chini ili ndege ibebwe juu. Injini, propela na bawa vyote vinanunua kwenye soko moja, na siku bidhaa inapokuwa nyepesi vyote vitatu hupata hasara kwa pamoja.

Bawa lina njia moja ya kufidia hasara hiyo, nayo ni kupitia madebe mengi zaidi kwa kila sekunde, yaani kwenda kasi zaidi. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo kwangu ni la kustaajabisha kuliko yote katika somo hili. Kipima mwendo cha ndege hakihesabu mizunguko ya gurudumu. Hupima msukumo wa hewa unaoingia kwenye bomba jembamba linaloelekea mbele, na msukumo huo hupungua hewa inapokuwa nyepesi kwa kadiri ile ile ambayo bawa linapungukiwa. Kwa hiyo sindano inasema kile bawa linachohisi. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja ya pistoni, inayoinua pua sindano ikionyesha takriban kilomita 100 kwa saa itafanya hivyo kwa alama hiyo hiyo mahali popote, lakini mchana wa Arusha ardhi inapita chini yake kwa kilomita 111 kwa saa. Kwa kuwa umbali wa kufikia mwendo fulani huongezeka kwa mraba wa mwendo huo, asilimia 11 ya kasi inageuka kuwa asilimia 23 ya umbali, na hapo hatujahesabu kwamba injini na propela zilizopungukiwa zinaongeza kasi polepole zaidi. Hatari inazaliwa kwenye macho. Mwanafunzi aliyezoea pwani huona majani yakikimbia pembeni, huamini kwamba mwendo umetosha, huvuta usukani kabla sindano haijafika, na bawa hushindwa kubeba uzito uliopo.

Ili kuyaweka haya yote katika tarakimu moja, marubani hutumia mwinuko wa densiti, yaani kimo ambacho hewa ya kawaida ingekuwa nyepesi kama hii ya leo. Hesabu yake ya karibu ni rahisi: joto la kawaida ni nyuzi 15 usawa wa bahari, na hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kisha kila nyuzi moja inayozidi joto hilo la kawaida huongeza futi 120 kwenye kimo cha uwanja. Uwanja wa Arusha, kwa futi 4,550 na nyuzi 28, unafika karibu futi 7,200, ambazo ni mita 2,200 hivi. Asubuhi ya nyuzi 14, uwanja huo huo una futi 5,500 tu. Moshi iko chini sana kuliko Arusha, uwanja wake ukiwa na mita 850 hivi, lakini alasiri ya nyuzi 33 hesabu inautoa kwenye futi 5,600. Kwa bawa, basi, alasiri ya Moshi na asubuhi ya Arusha ni karibu mahali pamoja, ingawa ramani inazitenganisha kwa zaidi ya mita 500 za kimo. Tarakimu hizi zinachukulia kwamba mgandamizo ni wa kawaida, na katika ukanda wetu haubadiliki sana siku hadi siku.

Unyevu nao una dhana yake ya makosa. Siku ya fukuto mtu huhisi kwamba hewa imekuwa nzito, na ni rahisi kudhani kwamba hewa ya namna hiyo ingelibeba bawa vizuri zaidi. Kinyume chake ndicho kweli. Ujazo ule ule wa gesi, katika joto na mgandamizo ule ule, hubeba idadi ile ile ya molekuli, hivyo kila molekuli ya mvuke inayoingia inaitoa nyingine ya hewa kavu. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, wakati wastani wa hewa kavu ni 29, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kwa bawa athari hii ni ndogo, karibu asilimia moja katika siku ya joto la Arusha yenye unyevu wa wastani. Kwa injini ni kubwa kidogo, kwa sababu mvuke umechukua nafasi ya oksijeni. Majedwali mengi ya ndege ndogo hayana safu ya unyevu kabisa, na busara ni kuongeza akiba siku kama hizo.

Je, umbali unaongezeka kiasi gani kwa jumla? Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo kuongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za kimo na asilimia 10 nyingine kwa kila nyuzi joto 10, na viwango hivyo huzidishwa, havijumlishwi. Cessna 172S, ambayo ni toleo mojawapo la 172, ikiwa na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, usawa wa bahari katika nyuzi 15, inahitaji mita 293 za mbio na mita 497 hadi kuvuka kizuizi cha futi 50. Kwa kanuni hiyo, Arusha katika nyuzi 28 inazigeuza kuwa karibu mita 510 na mita 870. Mamlaka hiyo inashauri pia kuzidisha jibu la mwisho kwa 1.33, kwa kuwa tarakimu za vitabu zilipatikana kwa ndege mpya na rubani wa majaribio, na hapo tunafika mita 1,150 na zaidi. Uwanja wa Arusha una lami ya zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo ndege hii inatosha bila wasiwasi. Wasiwasi uko kwenye viwanja vifupi vya udongo na nyasi porini, hasa wakati wa masika, kwa sababu nyasi zilizolowa peke yake huongeza asilimia 30.

Hewa nyepesi hubadilisha pia kazi ya mkono. Kabureta haijui kwamba debe limejaa bisi, hivyo huendelea kumimina petroli nyingi kupita oksijeni iliyopo, na injini hupoteza nguvu ambayo ingeweza kuitoa. Mwongozo wa Cessna 172 unaelekeza kwamba katika viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 rubani apunguze petroli kwa kitasa chekundu, injini ikiwa imefunguliwa yote na ndege ikiwa imesimama, hadi mizunguko ifike kilele. Aliyefundishwa Dar es Salaam kukisukuma kitasa hicho mpaka mwisho kila anapoondoka atalazimika kujifunza upya akifika Arusha.

Kupanda huathirika kuliko hata mbio za ardhini, kwa sababu ndege hupanda kwa nguvu ile inayobaki baada ya kuruka kwa usawa kukidhiwa. Cessna 172S hupanda futi 730 kwa dakika usawa wa bahari. Katika hewa ya futi 7,200 hubaki na 400 hivi, na Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, uko upande wa kaskazini-mashariki wa uwanja.

Kutua nako huathirika, lakini kidogo zaidi. Kanuni zile zile za Uingereza zinaongeza asilimia 5 tu kwa kila futi 1,000 na asilimia 5 kwa kila nyuzi 10, kwa sababu breki hazihitaji oksijeni. Ndiyo maana ndege inaweza kutua salama saa nane mchana kwenye uwanja mfupi wa porini, ikasimama ikiwa na nafasi ya kutosha mbele yake, na isiweze kuondoka na abiria wale wale mpaka kesho yake alfajiri. Rubani aliyefunzwa vizuri hufanya hesabu ya kuondoka kwanza, akiwa bado Arusha, kisha ndipo hufanya ya kutua.