Mtihani wa mkutubi ufanyike vitabu vikiwa mezani

Anayetaka ajira ya ukutubi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: anaomba kwa mtandao, akiitwa anafanya mchujo wa kuandika, akivuka anaingia kwenye mahojiano. Vijana wa hapa Kigoma wanaonijia niwaandae kwa usaili huo huja na madaftari yaliyojaa majibu ya kukariri. Dewey alichapisha mfumo wake wa kupanga vitabu kwa namba mwaka gani? 1876. Kanuni tano za ukutubi za Ranganathan, yule Mhindi, zilitoka lini? 1931. Siwalaumu, ndivyo tulivyowafundisha vyuoni. Lakini kazi yenyewe haiko hapo.

Tuseme mezani pana kitabu cha ngano za Waha, wenyeji wa huku kwetu, kimeandikwa kwa Kiswahili. Aliyekariri kwamba 896.392 ni fasihi ya Kiswahili ataandika namba hiyo na kusonga mbele. Mkutubi aliyeiva atafungua kurasa kwanza: hizi ni ngano za mapokeo zilizokusanywa, au mtu kazitunga mwenyewe? Zikiwa za mapokeo, anaanza na 398.2, anaongeza 09 ya kuonyesha mahali, kisha 678 ya Tanzania. Inapatikana 398.209678. Akikosea, mtu anayetafiti mila za Buha, nchi ya Waha, atasimama mbele ya rafu ya ngano na kuondoka mikono mitupu, kitabu kikiwa kimebanwa katikati ya riwaya.

Au chukua jina la mtu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi na Waziri wa Sheria wa Tanganyika, unaweza kumkuta kama Amri Abedi, K. Amri Abedi au Kaluta Amri Abedi, na wengine huandika Abeid. Utamweka kwenye herufi gani? Lazima uchague umbo moja, ulishikilie katika katalogi nzima (orodha ya vitabu vyote vya maktaba), na maumbo mengine uyaelekeze huko. Majina yetu mengi hayana ukoo wa kizungu mwishoni, kwa hiyo swali hili hutukuta mara kwa mara. Humo ndimo unapomjua mkutubi.

Ndiyo maana nasema vitabu vya namba za Dewey viruhusiwe kuingia kwenye chumba cha mtihani. Toleo la 23, la mwaka 2011, lina majuzuu manne. Hakuna anayelibeba kichwani na hakuna anayetakiwa kulibeba. Mpe mtahiniwa majuzuu hayo, vitabu vitano na kompyuta yenye Koha, ambayo ni programu ya bure ya maktaba. Aainishe, akatalogi, aandike kwa sentensi mbili kwa nini kachagua namba ile. Usaili wa vitendo si jambo geni serikalini: dereva hapewi gari kwa kujibu maswali ya karatasi peke yake.

Mtihani wa namna hii una faida nyingine, nayo ni kubwa. India wana mtihani wa taifa uitwao UGC NET, unaompa mtu sifa ya kufundisha chuo kikuu, na ukutubi ni mojawapo ya masomo yake. Ni maswali 150 ya kuchagua jibu, kwa saa 3. Ulifanyika tarehe 18 Juni 2024. Kesho yake serikali ikaufuta kwa masomo yote, kwa hofu kwamba umevuja. Watu zaidi ya laki tisa walikuwa wameshaufanya! Maswali ya kuchagua yakivuja yamekwisha thamani. Lakini mtahiniwa akijua mapema kwamba ataletewa vitabu avikatalogi, atafanya nini zaidi ya kujifunza kukatalogi?

Najua kusahihisha kwa mkono ni gharama, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Basi mchujo wa kuchagua ubaki mwanzoni, uwe mfupi, na vitendo viwe kwa wanaovuka.

Mahojiano nayo yabadilike. Msaili mmoja ajifanye msomaji, aseme: "Shikamoo, naomba kitabu cha ziwa." Mwanafunzi wa hapa akisema hivyo huenda anataka uvuvi wa dagaa na migebuka, 639.2, au jinsi maziwa yalivyo, 551.48, au historia ya bandari zetu. Mtahiniwa anayenyanyuka moja kwa moja kuelekea rafuni apunguziwe alama. Anayeitikia "Marahaba," kisha akauliza "Ni kwa ajili ya somo gani, mwanangu?" huyo apewe zote.