Ikiingia Haimaanishi Inafaa: Dhana Potofu za Vifaa vya Kompyuta vya Mtumba Nairobi

Wateja wangu wengi si wazaliwa wa Nairobi. Wametoka Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Arusha. Wamekuja kusoma au kufanya kazi, na laptopu waliyobeba kutoka nyumbani sasa inadai vitu: chaja, kibodi, skrini ya pili, diski ya kuhifadhia kazi. Pesa za kununua vipya hawana, basi wanaingia mtaa wa Luthuli, wanapanda ngazi za majumba ya biashara ya Moi Avenue na Tom Mboya, wanazunguka na kununua mtumba. Wanafanya vyema. Nairobi ina mtumba mzuri wa kompyuta, mwingi umetoka katika ofisi za Ulaya zinazobadilisha mashine kila baada ya miaka michache. Kinachonichosha ni sentensi moja ninayoambiwa kabla mtu hajaketi: "Lakini fundi, iliingia vizuri kabisa."

Dhana: Chaja ikiingia kwenye tundu la laptopu, hiyo ndiyo chaja yake

Hapana, hapana tena. Kichwa cha chaja ni kipande cha chuma chenye umbo fulani. Hakikuambii volti zinazopita ndani yake, wala ampea (ukubwa wa mkondo), wala kama mashine yako itaikubali. Watengenezaji hutumia maumbo yale yale kwa vifaa vyenye mahitaji tofauti kabisa, na duka la mtumba huyamwaga yote katika sanduku moja.

Tazama Dell na HP. Laptopu zao nyingi za miaka iliyopita zilitumia kichwa kinene cha milimita 7.4 chenye sindano katikati. Cha HP huingia kwa Dell bila kusukumwa. Lakini Dell huitumia sindano hiyo kuiuliza chaja wewe ni nani na una wati ngapi. Isipopata jibu inalolijua, huandika kwenye skrini kwamba aina ya chaja haijulikani, hukataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa. Mteja ananiletea mashine akisema betri imekufa na Windows imekuwa nzito, na pengine ameshalipa mtu wa kuweka Windows upya. Betri ni nzima na Windows haina kosa. Kosa liko kwenye waya aliokuja nao mkononi. Mkanganyiko huo umehamia pia kwenye vichwa vyembamba vya milimita 4.5, maana kampuni hizo mbili zinavitumia vile vile.

Hapo angalau hakuna kilichoungua. Kichwa cha mviringo cha milimita 5.5 ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu kimeenea kila mahali: laptopu nyingi za Asus na Toshiba za volti 19, ruta za intaneti za volti 9 au 12, diski kubwa za nje za volti 12, na baadhi ya skrini. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alichomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwenye diski ya nje ya volti 12. Iliingia vizuri kabisa. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na data ya utafiti wake wote, na hakuwa na nakala nyingine. Iliungua bodi ya kasha, diski yenyewe ikasalimika, nikaihamishia kwenye kasha jingine. Wapo wengine niliowapokea ambao diski yao haikusalimika.

Basi geuza chaja usome lebo. Mstari wa kuingiza umeme, ikiwa umeandikwa 100-240V na 50/60Hz, unakuhakikishia kwamba chaja inaweza umeme wa Kenya wa volti 240. Mstari wa kutoa umeme ndio unaopaswa kulinganishwa na chaja yako ya zamani au lebo iliyo chini ya laptopu. Volti lazima zilingane. Tofauti ya nusu, kama 19 na 19.5, haina madhara, lakini 12 na 19 ni vitu viwili visivyokutana. Kuna pia mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama katikati ya kichwa ni chanya au hasi, nao ufanane na wa chaja yako. Usipofanana, acha.

Hapo kwenye lebo kuna dhana pacha inayonikera karibu kiasi hicho hicho: kwamba ampea nyingi zitaunguza laptopu. Nimeona watu wakikataa chaja halisi ya ampea 4.62 kwa kuwa laptopu yao imeandikwa 3.34, halafu wanachukua ya ampea 2 kwa sababu ni "salama". Wamegeuza mambo. Laptopu huchota mkondo inaouhitaji tu, kama mtu anavyochota kisimani kwa ndoo yake, na kisima kikubwa hakimfurikishii ndoo. Ampea zikiwa sawa au zaidi, uko sawa. Zikipungua, chaja ndiyo inayoteseka: inachemka, inajizima, au betri inaendelea kushuka huku umechomeka ukutani.

Chaja za USB-C zina utaratibu wao. Zinaanza kwa volti 5, kisha chaja na mashine zinakubaliana kupanda hadi 9, 15 au 20. Kwa hiyo ya wati 100 haiwezi kuumiza laptopu ya wati 45. Hapa jicho liwe kwenye waya. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na kuzidi hapo unahitaji waya wenye chipu ndani yake. Kuna pia nyaya za kuchajia zisizopitisha picha hata kidogo. Kichwa ni kile kile kwa zote, usikiamini.

Na nisisitize jambo ninaloliamini kabisa: chaja halisi iliyotumika ni bora kuliko chaja mpya ya bandia iliyong'arishwa na kutiwa kwenye karatasi ya nailoni. Mtumba halisi umeshafanya kazi miaka mingine mahali pengine na bado unafanya. Ichomeke kwenye laptopu yako hapo hapo dukani, fungua video, ikae nusu saa. Shika chaja: joto ni kawaida, kuchoma mkono si kawaida. Pindapinda waya karibu na kichwa na karibu na sanduku lake. Alama ya kuchaji ikipotea na kurudi, mrudishie mwenyewe. Muuzaji anayekukatalia nusu saa hiyo amekwisha kukujibu.

Dhana: Plagi ya nyumbani haiingii kwenye soketi za Nairobi, kwa hiyo ninunue chaja nyingine

Hili ni kosa lile lile likitazamwa kwa upande wa pili, na linawagharimu hasa wanaotoka Kongo na Burundi, ambako plagi za pini mbili za mviringo ni za kawaida. Soketi za Kenya ni za pini tatu bapa, mtindo wa Uingereza. Lakini chomoa waya ule unaotoka ukutani kwenda kwenye sanduku la chaja. Kwenye chaja nyingi unachomoka. Huo peke yake ndio unaobadilisha. Angalia kama una matundu matatu au mawili upande wa chaja, kanunue wa aina hiyo wenye plagi ya Kenya, na hakikisha ndani ya plagi mna fyuzi ya ampea 3 au 5. Ni senti kidogo ukilinganisha na chaja nzima.

Tafadhali acheni kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili pini mbili zipite. Tundu hilo ni la waya wa ardhi (earth), na linafungua vifuniko vilivyowekwa ili mkono wa mtoto usifike kwenye stima. Plagi inayoingia hivyo haina fyuzi, haijashika imara, na inatoa cheche. Nimeona soketi za vyumba vya kupanga zilizoyeyuka kwa tabia hiyo.

Dhana: Ukiweka adapta, kifaa cha Marekani kinafanya kazi hapa

Wafanyakazi wa ubalozi na wa UN pale Gigiri wanapohama huuza vitu vyao kwa bei ya chini, na vingi ni vizuri. Lakini Marekani hutumia volti 120. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la pini tu, haigusi volti. Chaja ya laptopu ya huko kwa kawaida imeandikwa 100-240V, chukua bila wasiwasi. Printa za leza na UPS (vifaa vya akiba ya umeme) nyingi za huko hazina uwezo huo. Ukiona 120V peke yake kwenye lebo, hata ukipewa bure kataa, kwa sababu transfoma ya kubeba printa ya leza itakugharimu kuliko printa ya mtumba ya hapa.

Dhana: RAM ya mtumba hufa haraka, betri ya mtumba ni bahati

Ni kinyume. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haina sehemu inayozunguka wala kemikali ya kuisha. Ikipita programu ya kuipima, itakuhudumia miaka. Hakikisha tu kizazi chake: DDR3 haiingii penye DDR4, mkato wake uko mahali tofauti, na hapo msilazimishe. Betri ya lithiamu, kwa upande mwingine, huchakaa ikitumika na huchakaa ikikaa kabatini. Mimi simshauri mtu kununua betri ya laptopu iliyotumika. Ikiwa imo tayari ndani ya mashine unayonunua, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Iliyovimba usiichaji hata mara moja.

Dhana: Waya wa VGA kwenda HDMI utaunganisha skrini yoyote ya zamani

Hizi ni njia mbili za kupeleka picha kwenye skrini: VGA ni ishara ya analogia na HDMI ni ya dijitali. Waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine, panahitajika kigeuzi chenye chipu. Ukinunua skrini ya mtumba, itazame nyuma kwanza. Yenye tundu la DVI ni nunuo zuri, kwa sababu DVI ya dijitali na HDMI huungana kwa waya wa kawaida, ingawa sauti usiitegemee. Muuzaji aiwashe, uitazame ikiwa nyeupe yote na nyeusi yote.

Dhana: Mgeni asipoenda na Mkenya, ataibiwa

Rafiki atakupunguzia shilingi mia mbili. Laptopu yako ukienda nayo itakuonyesha kama kifaa ni kizima, na lebo ya chaja ya zamani itakulinda kuliko lugha ya mtaa. Panapotokea wizi wa kweli ni kwenye matangazo ya mtandaoni, ambako unaombwa utume pesa za kuletewa kwa M-Pesa kabla hujaona kitu. Usitume. Na flashi ya terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana ni ya uongo: ijaze kwa programu ya H2testw, utaona inaanza kupoteza faili baada ya gigabaiti chache.

Mausi isiyo na waya usiinunue bila kipokezi chake, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye USB. Za bei nafuu zimefungwa na kipokezi kimoja tu tangu kiwandani. Za Logitech zenye alama ya nyota ya rangi ya machungwa zinaweza kuunganishwa upya na kipokezi kingine chenye nyota hiyo hiyo, na kimoja kinabeba vifaa hadi sita, kibodi ikiwemo. Zenye alama ya Bolt haziingiliani na hizo za nyota, hata kama kipokezi kinaingia kwenye USB.